Taa za nyumbani na mita ya pamoja: Israfu yako inalipwa na nani?

 

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tumekusudia kulizungumza jambo ambalo kwa wengi wetu huonekana dogo mno kuwekwa katika ukurasa wa dini, nalo ni taa inayowaka chumbani, koridoni na nje ya nyumba, pamoja na uniti zinazoteketea kwa ajili yake. Tumezoea kulisikia katika matangazo ya shirika la umeme, na tunapolisikia hudhani ni habari ya kubana matumizi tu, kwamba anayeweza kulipa awashe na asiyeweza azime. Sisi tunaona ndani yake mna haki ya mja, na haki ya mja haifutwi kwa toba peke yake mpaka mwenyewe arudishiwe au asamehe.

Tuutazame mji mdogo wa Laela, mkoani Rukwa. Laela ipo kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, kilomita zipatazo 95 kutoka Sumbawanga mjini kwa barabara kuu iendayo Tunduma. Barabara hiyo iliwekwa lami kwa msaada wa mfuko wa Changamoto za Milenia wa Marekani, chini ya mkataba uliotiwa saini mwaka 2008, na baadaye Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga ikahamishia makao yake makuu Laela. Lami na ofisi huleta watu: watumishi, walimu, mafundi, wanunuzi wa mahindi, maharage na ulezi. Watu wanaokuja hivyo hawaji na nyumba zao, hupanga chumba, na nyumba yenye vyumba vinne au sita vya kupangisha aghalabu ina mita moja tu ya umeme.

Jina la mita hiyo ni LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Katika nyumba ya wapangaji wengi wenye mita moja maana ya jina hilo imepinduka, kwani mtu hulipa kadiri wenzake wanavyotumia. Ugomvi wa nyumba za kupanga katika miji yetu, ukiondoa ule wa zamu ya kufagia uwanja, mwingi ni wa mchango wa umeme.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuchukue nyumba ya mfano yenye wapangaji wanne. Kila chumba kina balbu moja ya waya ya wati 60, inayowashwa kwa muda wa saa tano kila usiku. Balbu hiyo hula uniti 9 kwa siku thelathini, na vyumba vinne kwa pamoja vitakula uniti 36. Nje ipo balbu ya wati 100 ambayo huwashwa magharibi na kuzimwa alfajiri, saa kumi na mbili kamili, nayo peke yake hula uniti 36 nyingine. Jumla ni uniti 72. Kwa viwango vya EWURA vya mwaka 2016, mteja mdogo wa majumbani, yule wa daraja la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka afikie uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayozidi hapo hutozwa shilingi 350, mbali na kodi na tozo nyingine. Maana yake ni kwamba nyumba hiyo imekwishamaliza karibu fungu lake lote la bei nafuu kwa taa tupu, kabla redio haijafunguliwa, simu hazijachajiwa, wala sare ya mwanafunzi haijapigwa pasi.

Tuseme basi kwamba redio, simu, pasi na televisheni za nyumba nzima hula uniti 40. Zikijumlishwa na zile 72 za taa tunapata 112. Uniti 75 za kwanza ni shilingi 7,500, na 37 zilizozidi ni shilingi 12,950, jumla shilingi 20,450. Sasa watu wa nyumba hiyo hiyo waondoe balbu za waya na kuweka za LED za wati 9 vyumbani, ambazo mwanga wake unalingana na ule wa wati 60, na nje waweke LED ya wati 14 iliyo sawa na ile ya wati 100. Taa zote pamoja zitakula uniti 10 na nusu hivi. Wakiongeza zile 40 za vyombo vingine, nyumba inakuwa na uniti 50 na ushei, na malipo yake ni kama shilingi 5,050. Hakuna aliyelala gizani, wala aliyeacha kusikiliza taarifa ya habari. Kila mpangaji aliyekuwa akitoa shilingi elfu tano na mia moja na zaidi sasa anatoa elfu moja na mia mbili na kitu. Na nyumba ambayo imeshahamishiwa daraja la T1, ambako kila uniti ni shilingi 292 tangu ile ya kwanza, faida yake ni kubwa zaidi ya hiyo.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame nasi kidogo. Katika hesabu hii, yule anayeacha taa ikiwaka anapokwenda sokoni hakupoteza mali yake peke yake. Amezisukuma uniti za nyumba nzima kuvuka kikomo, na uniti ambayo mwenzake angeinunua kwa shilingi 100 sasa anainunua kwa 350. Mwalimu kijana aliyetoka Nkasi, mwenye balbu moja na simu moja, anamchangia mtu aliyefunga mlango wake na kuondoka. Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Surat An-Nisaa, aya ya 29, amewakataza waumini kula mali zao baina yao kwa batili, akabakisha yale yanayofanyika kwa biashara ya kuridhiana. Na katika Surat Al-Israa, aya ya 26 na 27, baada ya kuamrisha jamaa, masikini na msafiri wapewe haki zao, akakataza ubadhirifu na kuwaita wabadhirifu ndugu wa mashetani. Ubadhirifu umetajwa pale pale inapotajwa haki ya mtu mwingine.

Wapo watakaouliza: je, basi kuchangia umeme kwa mafungu sawa ni haramu, maadamu matumizi hayawi sawa? La, si haramu. Sharia yetu inaujua ushirika wa namna hii tangu mwanzo. Imamu Bukhari na Imamu Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Musa (R.A.) habari ya watu wa kabila la Ash'ari, ambao chakula kilipowapungukia safarini au majumbani walikuwa wakikikusanya katika nguo moja kisha wakigawana sawa kwa chombo kimoja, na Mtume (S.A.W.) akawasifu na kujinasibisha nao. Vilevile ilipoteremka aya ya kuonya dhidi ya kula mali za mayatima, baadhi ya masahaba waliingiwa na hofu wakatenga hata chakula cha yatima na chao, mpaka ikateremka aya ya 220 ya Surat Al-Baqara kuwaruhusu kuchanganya, ikiwakumbusha kwamba Mwenyezi Mungu anamjua mharibifu na mtengenezaji. Wanachuoni wakachukua humo kwamba watu wanaweza kuchanga sawa ingawa mmoja atakula zaidi ya mwenzake, kwa sababu nafsi zao zimeridhika na tofauti iliyozoeleka.

Sharti ni hiyo tofauti iliyozoeleka. Waliokula kwenye nguo moja walikuwa wakionana. Mita ya LUKU haionyeshi nani amekula nini, nayo hufungwa ukutani koridoni huku jiko la umeme likichemsha maharage nyuma ya mlango uliofungwa. Maharage ya Ufipa kwa umeme ni jambo la saa kadhaa! Anayefanya hivyo kwa siri, akijua wenzake wangekataa lau wangejua, hana mahali pa kujificha katika hadithi ya watu wa Ash'ari. Na anayeacha taa ikiwaka kwa uzembe yu karibu naye, ingawa kosa lake ni jepesi zaidi kwa kuwa hakukusudia.

Tuongeze hapa kwamba uwanda wa Ufipa ni nchi ambayo Waislamu ni wachache na majirani zetu wengi ni Wakristo, hasa Wakatoliki. Katika nyumba ya vyumba vinne huenda Muislamu ni mmoja. Haki ya jirani haikugawanywa kwa dini. Abdullah bin Amri (R.A.), alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza kama jirani yake Myahudi amepelekewa nyama, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi. Itakuwa aibu iliyoje ikiwa Muislamu anayeamka alfajiri kuswali ndiye aliyeacha balbu ya nje ikiwaka mpaka saa tano asubuhi, na jirani yake Mkatoliki ndiye anayeizima.

Kuhusu balbu yenyewe, si lazima mtu awe fundi ili aelewe. Balbu ya waya, ambayo Thomas Edison alifanikisha ya kwake mwaka 1879, hutoa mwanga kwa kuuchoma waya mwembamba mpaka ung'are, na karibu nguvu yote iingiayo humo hutoka kama joto. Mwanga ni sehemu ndogo, kama tano katika mia. Ndiyo maana mtu hawezi kuishika. LED haichomi kitu. Kazi ya kupata LED ya rangi ya buluu, ambayo bila hiyo mwanga mweupe usingepatikana, iliwapatia Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kati ya hizo mbili zipo zile taa zilizojikunja ambazo sisi tumezoea kuziita enajisava. Hizo zilisaidia sana wakati wake, na Kenya mwaka 2010 iligawa zaidi ya milioni moja kwa wateja wa umeme ili kupunguza mzigo wa saa za jioni. Lakini ndani yake mna zebaki kidogo, na nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata mwaka 2022 zilikubaliana kuachana na zile za majumbani ifikapo mwaka 2025. Aliyebaki nayo asiivunje mbele ya watoto.

Kuna mahali pamoja ambapo balbu ya waya bado ina kazi ya halali huku kwetu. Baridi ya Ufipa mwezi wa Juni na Julai ni kali, na mama anayelea vifaranga huiweka balbu hiyo ndani ya boksi ili wapate joto. Huyo hanunui mwanga, ananunua joto, naye analipata. Israfu hupimwa kwa kusudi, na kifaa kimoja kinaweza kuwa ubadhirifu chumbani na kuwa matumizi mema bandani.

Sasa kwa nini balbu za waya hazijaondoka kwenye nyumba za kupanga, ikiwa hesabu yake ni wazi kiasi hiki? Sababu ni kwamba anayenunua balbu na anayelipa umeme si mtu mmoja. Mwenye nyumba haweki LED kwa kuwa uniti hazimuumizi, hununua balbu ya bei ya chini kabisa na kuondoka. Mpangaji naye hanunui kwa kuwa anadhani atahama baada ya miezi sita, na ya koridoni na ya nje haina mwenyewe. Wala uniti atakazookoa chumbani kwake hazimrudii zote, hugawanywa kwa wanne. Hivyo kila mmoja anangoja mwenzake. Hata tukiikadiria LED moja kuwa shilingi 3,000, chumba kinachobadilisha balbu kinaokoa uniti 7 na nusu na zaidi kwa mwezi. Kwa nyumba iliyovuka kikomo, hizo ni shilingi 2,600 na kitu, na bei ya balbu imerudi kwa muda wa mwezi mmoja na siku chache. Mpangaji anayehama anaweza kuifungua na kuondoka nayo, maana ni mali yake. Kwa wenye nyumba Waislamu tunasema: kukabidhi chumba chenye LED, na kuweka mita ndogo kwa kila chumba pale uwezo unaporuhusu, ni katika kutengeneza baina ya watu, na kunaondoa kesi nyingi ambazo leo huletwa mbele yenu usiku.

Wako pia wanaosema kwamba siku hizi nchi ina umeme mwingi, hivyo habari ya kubana imepitwa na wakati. Ni kweli kwamba Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya jumla ya megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024, na wanaokumbuka migawo ya umeme ya mwaka 2006 na 2011 wana haki ya kushukuru. Ila mita ya ukutani haijui kuna maji kiasi gani Rufiji, inahesabu uniti zako. Isitoshe, Rukwa kwa miaka mingi ilikuwa nje ya Gridi ya Taifa, ikiletewa umeme kutoka Zambia na kusaidiwa na mitambo ya dizeli. Zambia yenyewe mwaka 2024 ilipatwa na ukame uliolipunguza Bwawa la Kariba na kuwatia watu wake gizani kwa saa nyingi za kila siku. Mradi wa njia kubwa ya umeme kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, ulioidhinishiwa fedha na Benki ya Dunia mwaka 2018, ulianzishwa kwa ajili ya hali hiyo. Hata umeme ukijaa, ipo hadithi mashuhuri katika Ibn Majah ya kukataza israfu ya maji ya udhu japo mtu yuko kwenye mto unaotiririka. Wanachuoni wa hadithi wameijadili sanadi yake, lakini maana yake wameikubali.

Kwenye vijiji ambako nguzo hazijafika mambo ni mengine. Huko aliyekuwa akitumia koroboi alipata pigo mwaka 2011, Serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuzuia uchakachuaji wa dizeli. Wengi wamehamia kwenye tochi na paneli ndogo za jua, na ni LED iliyowezesha paneli ndogo kama kitabu kuangaza chumba.

Kwa wafanyabiashara wetu wa stendi na maduka ya vifaa tuna neno. Balbu iliyoandikwa wati 9 juu ya boksi huku ndani ina nusu ya hizo, na ikazimika baada ya wiki tatu, ni kipimo kilichopunjwa, na Surat Al-Mutaffifin imeanza na maangamizo ya wapunjaji. Si ujanja mpya. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya balbu duniani yaliunda umoja ulioitwa Phoebus, wakawekeana kikomo kwamba balbu isidumu zaidi ya saa 1,000, na ambaye zake zilidumu zaidi akatozwa faini. Mnunuzi asikubali kuondoka dukani kabla ya kuona balbu imewashwa, na adai muda wa dhamana kwa maandishi.

Limebaki suala la kuzima. Mtume (S.A.W.) ameamrisha taa zizimwe wakati wa kulala, na Bukhari amepokea kwamba sababu ni panya, ambaye huweza kuuburuta utambi na kuwachomea watu nyumba. Imamu Nawawi katika kuisherehesha Sahihi Muslim alieleza kwamba taa iliyoangikwa, ikiwa moto wake una usalama, haina ubaya kuachwa, kwa kuwa sababu imeondoka. Mtu aweza kusema, balbu ya umeme ni ya namna hiyo. Nasi tunakubali kwa upande wa moto, lakini upande wa israfu haujaondoka. Na kwenye nyumba ambazo choo kiko nje, taa ya uani ni haja ya mama na mtoto usiku wa manane. Hiyo hatuihesabu kuwa israfu hata kidogo, bali iwe LED, na swichi yake iwe mahali ambapo mtoto anaifikia. Tunachelea zaidi tabia mpya: mtu akishaambiwa balbu yake haili umeme huiacha ikiwaka mchana kutwa, akaongeza na nyingine tatu za mapambo, mwisho wa mwezi uniti zikawa zile zile.

Msikiti hauwezi kuachwa nje ya maneno haya. Tamim Ad-Dari (R.A.) ndiye aliyetajwa katika Ibn Majah kuwa wa kwanza kuwasha taa misikitini, na hiyo ni fadhila yake. Lakini umeme wa msikiti hulipwa kwa sadaka na wakfu, na fedha hizo zina sharti la manufaa. Balbu ya wati 100 inayowaka usiku kucha nje ya msikiti, kwa bei ya shilingi 292, ni zaidi ya shilingi 10,500 kila mwezi. Ya LED ya wati 14 haifiki 1,500. Kamati ya msikiti ianze na hiyo, kwa makusanyo ya Ijumaa moja tu, kisha imkabidhi muadhini swichi za ndani azizime watu wanapotoka kwenye Isha, na ile ya mlangoni pa kutawadhia aiache kwa ajili ya watakaokuja Alfajiri.